Kizimba Anachoweza Kukisogeza Bibi: Hotuba kwa Wafugaji wa Kuku wa Nyumbani, Jinja, Uganda

Bwana Mwenyekiti wa LC I, baraza la kijiji chetu, wazee wetu, mama zangu, ndugu na vijana mliofika kutoka Walukuba, Masese na Bugembe, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kuniita. Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili kwa sababu chini ya mwembe huu tumeketi Wasoga, Waganda, Wanubi, Walugbara na Waacholi, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sokoni na kazini. Kila kifaa nitakachokitaja nitakigusa kwa mkono kwenye kizimba hiki kilicho nyuma yangu, ili asiyelijua jina la kitu akione kitu chenyewe.

Wahenga walisema kuwa kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Methali hiyo hapa Jinja tunaiona kwa macho, maana mwewe wanazunguka juu ya mapaa yetu kutwa nzima, na mama aliyehesabu vifaranga kumi asubuhi huenda jioni akahesabu sita. Hasara hiyo si ya kitoweo tu. Kuku ndiye daftari na kalamu za mtoto muhula unapofunguliwa, ndiye luwombo (kitoweo kinachopikwa ndani ya jani la mgomba) ya mgeni aliyefika bila taarifa, na ndiye jogoo anayekabidhiwa muko, yaani kaka wa bibi harusi, siku ya kwanjula, ile sherehe ya posa. Mtu akipoteza kuku watano kwa mwezi, kuna mambo matano ya nyumba yake ambayo hayatatimia.

Wengi wetu tumekuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kuwaachia wazurure, na tangu mji wetu upewe hadhi ya jiji mwaka 2020 tunaona nyua zinavyozidi kubanwa: kuku akitoka hatua ishirini ameshaingia kwenye mboga za jirani, nakati na dodo, na maneno yanayofuata mnayajua. Ya pili ni kuwafunga kamba mguuni, kama methali isemavyo kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini kamba hukata ngozi ya mguu, na mwewe akishuka kuku aliyefungwa hana pa kukimbilia. Ya tatu ni kuwafungia kwenye banda moja lisilohama, ambamo baada ya majuma machache hakuna hata jani moja la ukoka, na mvua za Machi hadi Mei zikifika, sakafu inakuwa uji wa udongo na kinyesi. Njia ninayowaletea leo ni kizimba kisicho na sakafu, chepesi, kinachosogezwa kila siku kwenye majani mapya, ambamo kuku wanachakura, wanadonoa wadudu na kuota jua, huku waya ukiwa kati yao na mwewe.

Neno ambalo naomba mtoke nalo hapa ni uzito. Watu wanaponiuliza kuhusu kizimba huniuliza kwanza kuhusu waya, bati na kuku wangapi wataingia, nami hurudi nyuma na kuwauliza: nani atakisogeza saa 6 mchana siku ya Jumanne, wakati baba yuko kazini na watoto wako shuleni? Ni mama, au ni bibi mwenye magoti yanayouma. Basi kizimba kijengwe kwa nguvu za mikono yake, si kwa nguvu za fundi aliyekijenga. Kipimo changu ni jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo ni kilo 20 na ambayo kila nyumba hapa inaijua kwa mabega yake. Upande unaonyanyuliwa wa kizimba usizidi jerikeni hiyo, na ukiwa chini yake ni bora zaidi.

Jambo hili nimefundishwa na hasara. Kizimba changu cha kwanza nilikitengeneza kwa mbao za mvule zilizobaki kwenye ujenzi wa nyumba ya kaka yangu, nikakigongelea waya pande zote na kukifunika kwa mabati mawili mazima. Kilikuwa imara kama kitanda cha harusi, na kila aliyekiona alikisifu. Juma la kwanza vijana walikuwa likizoni, nikawa nawaita wanne wananisaidia kukibeba. Shule zilipofunguliwa kikabaki pale pale kwa siku kumi na sita, katikati ya mvua. Nilikuwa na vifaranga kumi na wanne wenye umri wa wiki nne hivi. Wakaanza kujikunyata na kushusha mabawa, kinyesi chao kikawa na damu, na katika siku tano nikazika tisa. Mama yangu alisimama karibu nami nikichimba, akasema, “Mwanangu, umewajengea gereza.” Maneno hayo yaliniuma, lakini yalikuwa ya kweli.

Ugonjwa ule ni koksidiosisi, ambao wengi wetu tunauita kuhara damu, na inafaa tuelewe unavyofanya kazi, kwa maana ndio unaotuonyesha kwa nini kusogeza ni dawa. Kijidudu chake ni kidogo kisichoonekana kwa macho. Kuku mgonjwa hukitoa katika kinyesi kikiwa ndani ya ganda mithili ya yai, na yai hilo likiwa limetoka sasa hivi haliwezi kumwambukiza kuku mwingine. Linahitaji joto, unyevu na hewa, kwa muda wa siku moja au mbili hivi, ndipo likomae na kuwa hatari. Ukihamisha kizimba kabla ya muda huo kupita, kuku wanakuwa wameiacha hatari nyuma yao kabla haijaiva. Ukikiacha, kuku wanachakura mahali pale pale walipotoa kinyesi jana na juzi, wanameza mayai yaliyokomaa kwa maelfu, na vifaranga ambao bado hawajajenga kinga ndio wanaoanguka kwanza. Mayai ya minyoo mikubwa ya utumbo yanakwenda kwa utaratibu unaofanana na huo, isipokuwa yenyewe yanahitaji majuma mawili hivi kukomaa. Sisemi kwamba kusogeza kunafuta kila kitu, kwa sababu penye kivuli na unyevu mayai haya yanaweza kuishi ardhini kwa miezi. Ninachosema ni kwamba kuku anameza machache, na mwili wake unapata nafasi ya kujizoeza kupigana nayo.

Sasa tuingie kwenye mbao. Umbo ninalolipendekeza ni la hema, lenye kenchi tatu za pembetatu, kwa kuwa pembetatu haiyumbi hata ikiundwa kwa mbao nyembamba, wakati sanduku la mraba hulegea pembeni kila linapoburutwa na kudai mbao za ziada za kulikaza. Urefu ni futi 8, upana ni futi 4, na mbao za ubavuni zina futi 4 kila moja, hivyo kimo katikati kinafika futi 3 na nusu hivi. Hizo ni futi 32 za mraba, zinazowatosha kuku 6 wa kienyeji, au 5 ikiwa unafuga Kuroiler, wale kuku wakubwa waliotoka India. Mtu atakuambia kuwa wanaingia kumi na wawili, na ni kweli wataingia, ila majani ya siku nzima yatakwisha kabla ya adhuhuri na wataanza kudonoana.

Tumia paini iliyokauka. Mbao mbili za chini, zinazolala ardhini, ziwe za inchi 2 kwa 2, kila moja ikiwa na futi 9 na nusu, ili futi moja na nusu ichomoze mbele na kuwa mikono miwili kama ya toroli. Mbao nyingine zote, yaani za ubavuni, ule mti wa mgongoni unaounganisha kenchi juu, mlango na vipande vya kukazia, ziwe za inchi 2 kwa 1, na futi 55 zinatosha. Paka chini ya zile mbao mbili oili chafu? Hapana, tafadhali, kwa sababu kuku watadonoa majani yaliyoguswa nayo na wewe utakula mayai yao. Afadhali mbao za chini uzibadilishe zikioza.

Kuna ubao mmoja ambao naomba muutazame kwa karibu. Kenchi ya mbele na ya nyuma zina ubao wa chini unaofunga miguu yake miwili, nao unagusa ardhi. Kenchi ya katikati pia inahitaji kufungwa, lakini ukiufunga ubao huo chini kama wenzake, kila ukikivuta kizimba utawakata kuku miguu nao. Nimeupandisha futi moja kutoka ardhini. Kwa kimo hicho una urefu wa chini kidogo ya futi 3, kuku wanapita chini yake kizimba kinaposogea, na tena umekuwa ufito wa kutulia juu yake wakati wa joto. Ubao huu mmoja umezungushwa kwa randa kingo zake za juu ili kidole cha kuku kiushike vizuri.

Waya wa kuku ule wenye matundu ya pembe sita unamzuia kuku asitoke na mwewe asiingie, lakini mbwa mwenye njaa anaupasua, na nguchiro huupanua kwa meno. Kwa hiyo futi moja ya chini, kuzunguka pande zote, nimeweka ule waya mgumu wa matundu madogo wanaoanikia kahawa, na juu yake ndipo waya wa kawaida unapoanzia. Ukiweka waya wa kahawa kote utakuwa umeongeza uzito bila sababu, kwa kuwa mnyama wa ardhini huanza kushambulia kwa chini. Misumari ya kukazia, ile ya umbo la U, iachane kwa upana wa kiganja. Mwisho wa waya uliokatwa ukunjwe kuelekea nje na kubanwa chini ya kipande cha ubao. Niliwahi kuuacha mwisho mmoja ukichungulia ndani, usiozidi nusu ya kidole, na jogoo wangu akachanika upanga wake tangu mwanzo hadi katikati kwa mtikiso mmoja wa kichwa.

Kwa paa, bati moja la futi 10 linatosha. Kata vipande viwili vya futi 4, kimoja kila ubavu kwenye sehemu ya nyuma, na zile futi 2 zinazobaki zigongwe mpaka ziwe bapa, zikunjwe ziwe kofia ya mgongoni. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na bati tupu la saa 7 mchana linachoma kama kikaango, kwa hiyo chini yake nimefunga mkeka wa mafunjo kwa waya mwembamba. Huku ziwani mafunjo hayana shida kupatikana, hayana uzito, na ukiingiza mkono chini ya mkeka huo mchana utahisi tofauti mara moja. Kiota nimetengeneza kwa jerikeni kuukuu ya lita 20 iliyolazwa na kukatwa ubavu, ikafungwa pale nyuma penye giza. Nimeijaza nyasi kavu. Wengine hutumia makapi ya miwa yanayotoka kiwanda cha sukari cha Kakira, nayo yanafaa mradi yabadilishwe yakilowa, maana huota ukungu upesi. Viota viwili kwa kuku sita vinatosha, ingawa mtagundua kuwa wote wanapenda kugombea kimoja.

Magurudumu ni mawili, ya baiskeli ndogo ya mtoto, na hapa mafundi wengi wanakosea. Ekseli isikae chini ya kizimba bali nje ya ukingo wa nyuma, na gurudumu liguse ardhi kidogo tu kizimba kinapokuwa kimetulia. Kwa hali hiyo mbao za chini zinalala sawasawa ardhini na hakuna upenyo wa nguchiro kuingia, lakini ukinyanyua mikono ya mbele, kizimba kizima kinainuka na kuegemea magurudumu. Bati, mkeka na viota vyote viko nyuma karibu na ekseli, kwa hiyo uzito mkubwa unabebwa na magurudumu, si na mgongo wako. Hiki hapa chote kinakaribia kilo 35, na mikononi unabeba chini ya nusu yake. Asiye na magurudumu achonge ncha za mbele za mbao za chini ziinuke kama ncha ya mtumbwi, nacho kitateleza juu ya ukoka, ingawa si juu ya mawe. Joel Salatin, mfugaji wa Virginia nchini Marekani, anafahamika kwa vizimba vya futi 10 kwa 12 vyenye kimo cha futi 2, vinavyochukua kuku wa nyama sabini na zaidi, na kila asubuhi vinasogezwa kwa kitoroli maalumu. Vile ni vya shamba lenye malisho mapana. Kwa ua wa Walukuba havitufai.

Kuhusu usiku nitasema wazi, hata kama wapo watakaovunjika moyo: kizimba hiki ni cha mchana. Mwizi wa kuku ana mkasi wa waya, na kizimba cha kumzuia mwizi kinahitaji vyuma, na kikiwekwa vyuma hakisogezwi tena, nasi tumerudi kwenye gereza lile. Waache kuku walale jikoni au kwenye banda lenye kufuli kama mlivyozoea. Ikifika saa 11 na nusu jioni fungua mlango, na baada ya siku chache za kufundishwa kwa kiganja cha mahindi watarudi nyumbani wenyewe. Asubuhi sogeza kizimba kikiwa kitupu urefu wake wote, weka chakula ndani, nao watakufuata.

Ploti nyingi zetu ni za futi 50 kwa 100. Ukitoa nyumba, choo, jiko na njia, tuseme umebakiwa na majani ya futi 30 kwa 40. Hizo ni futi 1,200 za mraba, yaani vituo 37 vya kizimba. Ukisogeza mara moja kwa siku, utarudi mahali pa kwanza baada ya zaidi ya mwezi, na utakuta ukoka umekuwa mzito na wa kijani kibichi kuliko kandokando yake, kwa sababu ya mbolea waliyoiacha. Nilipoinua kizimba jana, mahali kilipokuwa palikuwa pamechakurwa kina cha kidole kimoja, majani yamebaki mashina, na kinyesi kimetapakaa sawasawa badala ya kurundikana. Ni ardhi iliyolimwa na kutiwa mbolea bila jembe. Mkitaka kupanda mboga hapo, hasa zinazoliwa mbichi na kugusa udongo, msizivune kabla siku 120 hazijapita tangu kuku waondoke, kwa kuwa kinyesi kibichi kina vijidudu vya tumbo. Kwa migomba iliyokomaa hakuna haja ya kungoja.

Msikiamini kizimba katika mambo mawili. Majani hayatoshi kuwa chakula: tetea anayetaga anahitaji gramu 120 hivi za chakula kwa siku, na majani na wadudu ni nyongeza tu, kwa hiyo pumba, mahindi na mukene, wale dagaa wanaoanikwa Masese, viendelee kutolewa, pamoja na maji safi, lita mbili kwa kuku sita siku ya joto. Pili, waya hauzuii kideri. Kirusi chake huja kwa viatu, kwa matenga ya sokoni na kwa ndege, na kinga yake ni chanjo. Ile inayostahimili joto inatiwa tone jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne, na kichupa kimoja kinawatosha majirani wengi. Chanjeni kwa pamoja siku moja, mtaa mzima.

Siafu nao wanatoka mvua zinapoanza. Kagueni majani kabla ya kuweka kizimba, na pepo za ziwani zikivuma kipigilieni vigingi viwili, kwa sababu wepesi huo huo tunaoutafuta ndio unaokifanya kipeperuke.

Imebaki kusogeza mchana kuku wakiwa ndani, pale jua linapokimaliza kivuli. Hatari iko kwa ule ubao wa chini wa nyuma, unaoweza kumkanyaga kuku mzembe aliyebaki nyuma. Usivute kwa nguvu. Tupa punje chache upande wa mbele, nyanyua, nenda nusu hatua, simama, waache wasogee, kisha endelea. Ndani ya kizimba hiki wapo matetea watano na jogoo mmoja, na kivuli cha mwembe kimeshawahama tangu nilipoanza kuzungumza. Bibi yangu uliyeketi pale mbele na kitambaa cha buluu, tafadhali njoo ushike mikono hii miwili. Kijana, usimsaidie. Nyanyua polepole, bibi, uwaache wao watangulie.